HONGO YA NJIA YA TABORA SASA INATOZWA KWENYE SIMU

MPENZI msomaji, leo ukisikia neno hongo unafikiria bahasha, chai ya mkubwa na kitu kidogo. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa na Ugogo, ukaingia Unyanyembe, yaani Tabora yetu, kisha ukaendelea hadi Ujiji. Kila ulipoingia katika himaya ya mtemi ulisimama. Ulitoa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mtemi akiridhika, unapita. Asiporidhika, unalala hapo hapo mpaka aridhike.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu siku hizi tunaimbiwa wimbo mpya. Wimbo wenyewe unaitwa uchumi wa kidijitali. Wakubwa wanauimba New York, wanauimba Geneva, na Dodoma nako wanaitikia kiitikio. Septemba 22, 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Makubaliano ya Kidijitali ya Dunia. Ndani yake nchi zimeahidi kuziba pengo kati ya wenye mtandao na wasio nao, na kuhakikisha kwamba faida ya uchumi huu haibaki mikononi mwa wachache.

Maneno ni mazuri na sisi hatuyakatai. Tunachouliza ni kimoja tu. Katika msafara huu mpya wa dunia, mtu wa Tabora ni nani? Ni mwenye mali? Ni mwenye njia? Au ni mpagazi tena kama babu yake?

Tuulizane kwanza ule msafara wa zamani ulimnufaisha nani. Mnyamwezi hakuwa mtumwa katika kazi ile. Alikuwa mfanyakazi wa ujira, hodari, mwenye kuijua njia kuliko mgeni yeyote. Alibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, kwa safari ya karibu miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora. Pembe aliyoishusha Bagamoyo ilivuka bahari, nyingine zikafika Connecticut huko Marekani, zikachongwa kuwa vitufe vya piano. Kitambaa kilichorudi kwake kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa huko huko Marekani, nchi iliyotiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Mtaji wa misafara ulitoka kwa matajiri wa Unguja, akina Taria Topan. Forodha ya Unguja nayo ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji.

Kwa hiyo utandawazi si jambo geni Tabora. Dunia ilikuwa ikipita mlangoni pa Kwihara kabla ya babu zetu kuzaliwa. Lililokuwa gumu ni mgawanyo. Mwenye mtaji alikuwa mbali, mwenye bei alikuwa mbali zaidi, na mwenye mgongo ndiye aliyekuwa hapa.

Mtemi Mirambo wa Urambo alilielewa hilo. Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Wageni walimwita jambazi. Lakini hoja yake ilikuwa nyepesi: njia inapita kwangu, kwa nini faida isipite kwangu? Alifariki mwaka 1884. Mwaka 1893 Isike wa Unyanyembe akazingirwa na Wajerumani, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ikawa na kasi mpya, mzigo ukabaki ule ule: mali ghafi inashuka pwani, bidhaa inapanda bara kwa bei ya mwenye bidhaa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulipitishwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Tangu siku ile tajiri wa Unguja aliweza kupata habari za London haraka, wakati mtu wa Tabora alizisubiri kwa mguu, mwezi baada ya mwezi. Mwenye habari alinunua, asiye na habari aliuza. Hilo ndilo pengo la kidijitali, mpenzi msomaji. Lina umri wa karibu miaka 150. Jina tu ndilo jipya.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Hapa bara Serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka Benki ya Exim ya China, ukakabidhiwa TTCL kuuendesha. Mkongo huo umeunganishwa na jirani zetu, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Zambia na Malawi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi hiyo ilifanyika, na mawasiliano ya leo si yale ya enzi za setilaiti.

Lakini angalia jinsi uzi wenyewe ulivyo mwembamba. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kukarabati mkongo wa baharini kunahitaji meli maalumu, na meli hizo duniani ni za kuhesabika. Hapo ndipo ushirikiano wa kimataifa unapokuwa jambo la mkate wa kila siku, wala si hotuba. Nchi moja peke yake haiwezi kulinda waya unaopita chini ya bahari za watu wengine.

Na hata waya ukiwa mzima, je, umefika kwako? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilieleza kwamba mwaka 2024 watu 68 katika kila 100 duniani walitumia intaneti. Kwa Afrika walikuwa 38. Ukiigawa Afrika yenyewe, mjini ni 57 na kijijini ni 23. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 3.3 katika Sensa ya 2022, na wengi wao ni wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga. Unaposoma hiyo 23, ujue unasoma habari za shangazi yako.

Wapo watakaosema mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki hahitaji mtandao. Hao wamelala. Tangu mwaka 2022 mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Dola yenyewe imeamua kwamba bila simu wewe si mkulima kamili wala si raia kamili. Kama simu imekuwa jembe, basi anayeipandisha bei simu anakunyang'anya jembe.

Na hapo ndipo tunapoiona hongo mpya.

Mtemi wa zamani, pamoja na makosa yake yote, alikuwa na kanuni moja: hongo alitoza msafara wa mgeni. Hakusimama mlangoni kwa mama mjane akamtoza kwa sababu mwanawe amemletea kibaba cha mtama. Serikali yetu ilifanya hivyo hivyo alivyokataa kufanya mtemi. Julai 15, 2021 ilianza kutoza miamala ya fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni ya simu. Kijana akimtumia mama yake fedha za dawa kutoka Dar es Salaam, dola inasimama katikati na bakuli. Fedha ile ilikuwa imekwisha katwa kodi kwenye mshahara, na itakatwa tena dukani.

Wananchi walilia. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na katika bajeti ya 2023/24 Serikali ikaiondoa kwenye kutuma fedha. Walijitetea kwamba fedha zilijenga vituo vya afya na madarasa. Sawa, vituo vya afya ni haki yetu. Lakini kuna tofauti kati ya kumtoza mtu faida yake na kumtoza hatua zake. Somo la tozo ni kwamba wananchi wakipaza sauti, Serikali husikia. Tusilisahau somo hilo, maana mwenye kuzoea hongo hakosi jina jipya la kuiita.

Tena majina mengine yapo hadi leo. Ukinunua muda wa maongezi au kifurushi, ndani yake kuna ushuru wa bidhaa usiopungua asilimia 17, na VAT ya asilimia 18. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi waingie kwenye mtandao. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Je, ni nani alipaswa kuhakikisha inashuka? Badala ya kumbana muuzaji aliyemeza msamaha, akabanwa mnunuzi.

Sasa geuza shingo uutazame msafara wa mgeni. Kijana wa Tabora anaweka video zake kwenye mtandao. Mama wa Sikonge anapiga picha madumu yake ya asali anatafuta wateja. Wote wawili wanavuta watazamaji, na juu ya watazamaji hao kampuni yenye makao California inauza matangazo. Pembe inashuka pwani kama kawaida. Hongo ya msafara huo iko wapi?

Hapa napo tutende haki. Julai 2022 Tanzania ilianza kutoza asilimia 2 kwenye mapato ya kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa nchini. Hiyo ni hongo ya halali, aina ile ile aliyoidai Mirambo. Lakini nchi moja ikisimama peke yake mbele ya kampuni kubwa kuliko bajeti yake, itapigwa ubavuni. Tumeona Juni 2025 Kanada, nchi tajiri, ikiifuta kodi yake ya aina hiyo kwa shinikizo la Marekani. Ikiwa Kanada imeinama, Tanzania peke yake itasimama kwa miguu gani?

Ndiyo maana tunasema ushirikiano wa maana kuliko wote hauko kwenye makongamano ya kupigana picha. Uko kwenye meza ya kodi. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuanzisha mazungumzo ya mkataba wa dunia wa ushirikiano wa kodi. Hoja hiyo ilisukumwa na nchi za Afrika. Nchi 119 ziliunga mkono, 9 zikapinga, zikiwamo Marekani, Uingereza na Japani, na 43 zikajizuia. Moja ya itifaki zake za kwanza inahusu kodi kwenye huduma zinazovuka mipaka katika uchumi huu wa kidijitali, na kazi imepangiwa kukamilika mwaka 2027. Marekani ilitoka kwenye mazungumzo Februari 2025. Mpenzi msomaji, ni mara ngapi umesikia mbunge wako akilitaja jambo hili? Wanabishania posho, huku hongo ya msafara mkubwa kuliko wote inajadiliwa bila wao kufungua mdomo.

Wala tusidanganyane kwamba ushirikiano hauwezekani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mbegu yake ilipandwa kwa fedha za msaada wa Uingereza pamoja na fedha za Vodafone. Mwaka 2008 ikafika Tanzania. Mwaka 2014 kampuni za simu hapa nchini zilianza kukubaliana kwamba mteja wa mtandao mmoja amtumie fedha wa mtandao mwingine moja kwa moja. Vodacom ikaungana nao mwaka 2016. Wapinzani wa kibiashara walikaa meza moja, kila mmoja akaachia kidogo, na mwananchi akapata njia moja badala ya vichochoro vinne. Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Iliwezekana kwa sababu kila upande ulipata, na mtumiaji wa chini alipata kwanza.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mtemi alikuwa na uwezo wa kufunga njia. Nao wa leo wanao.

Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 ili kuanza kuandika kihalali. Kwa kijana wa Nzega hiyo si ada, ni ukuta. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi.

Tukumbuke tarehe. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unapitisha makubaliano ambayo ndani yake nchi zinaahidi kujiepusha na kuzima intaneti. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, swichi inashushwa. Kauli mbiu inabaki ukutani, nchi inabaki gizani.

Watasema ilikuwa kwa ajili ya usalama. Sisi tunasema hivi: siku ile hakuzimiwa mwanasiasa wa upinzani peke yake. Alizimiwa mwenye duka anayeagiza mali kwa simu. Alizimiwa msafirishaji aliyekuwa akitafuta mzigo wa kurudi nao kutoka Kigoma. Alizimiwa mwanafunzi, na daktari aliyetaka ushauri wa mwenzake. Alizimiwa hata mwana CCM mwenye kadi. Huwezi kumwambia mtu ahamishie jembe lake, benki yake na duka lake kwenye simu, halafu ukaweka mfukoni mwako funguo ya kumfungia yote kwa dakika moja. Mwekezaji gani mwenye akili timamu atajenga nyumba ambayo kamba ya mlango imeshikwa na mwenye hasira?

Kwa hiyo hatutaki porojo. Tunataka haya, na tunakuomba wewe msomaji uyadai popote utakapokutana na diwani, mbunge au waziri.

Kwanza, simu na kifurushi vihesabiwe kuwa vitendea kazi. Ushuru wake upunguzwe, na safari hii upunguzwe kwa sharti kwamba bei ya dukani ishuke, na asiyeishusha aadhibiwe.

Pili, minara. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ubandike kwenye ofisi ya kila kata husika orodha inayosema mnara upo wapi, umewashwa lini, na mjenzi ni nani. Mwananchi ndiye mkaguzi bora, maana yeye ndiye anayepanda kichuguu kutafuta mtandao.

Tatu, mikopo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali kutukopesha dola milioni 150 kwa mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Mkopo ni deni, na deni hulipwa na mlalahoi. Mikataba ya namna hiyo iwekwe wazi, kwa Kiswahili, ili anayelipa ajue alichokopeshwa.

Nne, kwenye meza ya kodi ya Umoja wa Mataifa, Tanzania isimame na Afrika mpaka mwisho, wala isiuze kura yake kwa ahadi za pembeni. Bunge lipewe taarifa kila hatua.

Tano, itungwe sheria inayokataza kuzima intaneti. Kama kuna hatari ya kweli, aulizwe jaji, si mwenye swichi.

Mpenzi msomaji, Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake hapa hapa Tabora. Wakoloni walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki ya kupiga kura ikafungiwa kwa masharti ya elimu, kazi na kipato. Ulikuwa mlango wa nusu, na wajumbe walibishana vikali. Zuberi Mtemvu alikataa kabisa, akajitoa na kuunda chama chake. Wengi, wakiwa na Mwalimu Nyerere, waliamua kuingia kwenye mlango huo wa nusu ili waufungue wote kutoka ndani. Karibu miaka minne baadaye bendera ya mkoloni ilishuka.

Uchumi wa kidijitali nao umetufikia kama mlango wa nusu, wenye masharti ya bei, ya namba na ya swichi. Hatusemi tuususie. Tuingie, lakini tuingie tukijua njia inapita kwetu, na kwamba mwenye njia ana haki ya kuhesabu mizigo inayopita. Asubuhi utakaponunua kifurushi, hesabu umelipa hongo kiasi gani na imekwenda kwa nani. Kisha nenda kamuulize diwani wako, mbele ya watu.